Mwembe Ule ni wa Nani?

Jumamosi moja ya mwezi wa Januari tulisimama wanafunzi 52 chini ya mwembe mmoja, simu zote juu, tukimpiga picha kima punju aliyekuwa na mtoto kifuani. Mtembezaji wetu alikuwa anaeleza kitu kuhusu kidole gumba. Sisi wa nyuma hatukumsikia. Rafiki yangu aliniomba nimpige picha ambayo kima ataonekana kama amemkalia begani. Nikampiga, akaangalia, akasema, "Rudia, macho nimefumba." Nikarudia.

Niliposhusha simu ndipo nikatazama chini. Tulikuwa tumekanyaga matuta ya mihogo. Upande wa kushoto kulikuwa na migomba, mbele kidogo minazi mitatu, na kwenye shina la mmoja wao zimechongwa zile ngazi za mkwezi. Jamani, hatukuwa msituni. Tulikuwa shambani kwa mtu.

Hakuna aliyeuliza mwembe ule ni wa nani. Hata mimi sikuuliza, na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kuliko wote, kwa sababu nimelelewa na bibi yangu katika shehia moja kati ya zile zinazouzunguka msitu wa Jozani. Kutoka pale tuliposimama hadi kwa bibi ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Nilikuja na basi kutoka chuoni, nimevaa fulana ya idara, nikapitishwa kwetu kama mgeni.

Mtu asinielewe vibaya. Sipingi ziara. Kwa watu wanaosomea ualimu kama sisi, ziara ya mafunzo ni moja ya siku chache ambazo unatoka kwenye slaidi. Na nasema wazi kwamba mtembezaji tuliyepewa siku ile alikuwa mwalimu mzuri kuliko wengi wetu tutakavyokuwa. Hakuwa na karatasi. Alikuwa akigeuka na kutembea kinyumenyume huku anaongea, anajua mzizi uko wapi bila kuangalia. Wale kumi na tano hivi waliokuwa mbele walipata somo la kweli. Mimi niliposogea mbele baadaye nikafaidi nusu yake.

Nusu hiyo yenyewe ilinitosha. Kima punju hana kidole gumba cha mkono, ana kijinundu tu pahala pake, na bado anaruka tawi hadi tawi kama hana mifupa. Tumbo lake lina vyumba, majani yanachachushwa mle na vijidudu kabla hayajasagwa, kidogo kama ng'ombe. Ndiyo maana anakula majani machanga na matunda mabichi lakini embe bivu lenye sukari halimfai. Nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na nane na sikulijua hili. Sisi watoto tulikuwa tunawatupia ndizi mbivu tukishangaa kwa nini hawashuki.

Halafu akaeleza habari ya makaa. Kima wa mashambani, siyo wa ndani ya msitu, wanakula makaa. Wanaokota kwenye tanuri za zamani na visiki vilivyoungua. Watafiti walioandika jambo hili mwaka 1997 walieleza kwamba majani ya mwembe na mkungu yana kemikali nyingi zinazoweza kumsumbua mnyama tumboni, na makaa yanazinasa. Mnyama amepata dawa kwenye kazi ya binadamu. Fikiria hapo mwalimu wa kemia, mwalimu wa baiolojia na mwalimu wa jiografia wote wamepata vipindi vyao ndani ya sentensi mbili.

Lakini hebu iangalie tena habari hiyo. Kima anakula majani ya mwembe: mwembe kapanda nani? Anakula majani ya mkungu: mkungu ule wa kivuli cha nyumba. Anakula makaa: tanuri kapanga nani? Kila kitu katika hadithi ile kina mtu ndani yake, na mtu huyo hakutajwa hata mara moja. Na hili silielekezi kwa mtembezaji. Yeye alijibu alichoulizwa, na sisi tulichouliza ilikuwa ni "wanauma?" na "wanaishi miaka mingapi?"

Hapa ndipo ninapoona tatizo. Picha ya "hifadhi" tuliyo nayo kichwani ni ya Serengeti: unapanda gari, unavuka geti, unaacha watu nyuma, unaingia kwa wanyama. Serengeti ina karibu kilomita za mraba 15,000, kwa hiyo mtu anaweza kuiwazia hivyo. Zanzibar ni nchi ya visiwa (mjadala wa nchi ama si nchi tuwaachie wenzetu wa sheria, nasikia una maksi nyingi). Unguja kutoka ncha ya kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 85. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ina kama kilomita za mraba 50. Hakuna pahala pa kuwaacha watu nyuma. Pori linaanzia linapoishia jiko la mtu, na kima hajui mpaka uko wapi. Kile kikundi cha kima ambacho wageni wengi hupelekwa kukiona, kwa sababu kimezoea watu na kinashuka chini, hushinda kwenye mashamba ya pembezoni, si katikati ya msitu. Kwa hiyo picha nyingi za "msitu wa Jozani" unazoziona ni picha za shamba la mkulima.

Sasa nije kwa bibi, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Jioni ile sikurudi na basi. Niliomba ruhusa, nikashuka njiani, nikaenda kulala kwetu. Nikamwambia bibi nimetoka kutembezwa Jozani. Akacheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya kanga. "Umelipiwa nauli kwenda kumwangalia punju? Si ungekuja hapa alfajiri, mwanangu, ukawawinga pamoja nami, bure?"

Bibi ana minazi yake kumi na moja. Kwa bibi, kima punju ni mnyama anayekula vidaka. Anayejua mnazi anajua safari yake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Kima akikaa na vidaka asubuhi, kwa hesabu ya bibi, hizo ni nazi ambazo hazitafika sokoni. Na jina lenyewe, punju, maana yake sumu. Wazee wa upande wetu wanasema mbwa akimla hunyonyoka manyoya, na mti anaoushinda hufa. Nimekua na maneno hayo. Sikuyasikia kwenye ziara, na naamini nusu ya basi hawajui mpaka leo kwa nini mnyama yule anaitwa hivyo.

Nikamwambia bibi kuhusu utafiti mmoja niliousoma maktaba, wa mwaka 1999, uliofanywa na Kirstin Siex na Thomas Struhsaker kwenye mashamba ya kusini ya Jozani hasa kuhusu kima na nazi. Walihesabu. Wakakuta kwamba minazi iliyoliwa vidaka zaidi haikuishia na nazi chache. Ilielekea hata kuzaa zaidi. Maelezo yao ni kwamba mnazi kwa kawaida hujiangushia vidaka vingi wenyewe, na kima anapopunguza mapema ni kama mtu aliyepogolea.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Walihesabu minazi yangu?"

Nikasema hapana.

"Basi wakija, waambie wahesabu na ndizi."

Na hapo ana hoja, kwa sababu ndizi na mihogo huliwa zaidi na yule kima mwingine, wa kijivu, na kwenye mazungumzo ya shambani hasira za wawili hawa huchanganywa zikawa moja. Utafiti ulimpima mmoja na zao moja. Bibi anaishi na wote na mazao yote. Nani yuko sahihi? Mimi naamini hesabu za watafiti kuhusu nazi. Naamini pia kwamba bibi analala macho. Mwanafunzi wa darasa la sita akiwekewa mambo haya mawili mezani, atajifunza kufikiri kisayansi kwa siku moja kuliko muhula mzima wa kukariri "hatua za uchunguzi". Ila tu ziara yetu haikumpa nafasi ya kukutana na jambo la pili.

Tulichokipeleka darasani ni nini? Ripoti za kurasa tano. Nimezisoma kadhaa, kwa sababu tulizichapisha kwenye kompyuta moja. Zote zinaanza: "Jozani ni hifadhi iliyopo umbali wa kilomita 35 kutoka mjini." Zote zina sehemu ya "changamoto" ambapo jamii inayozunguka msitu inatajwa, na kila ilipotajwa ilikuwa inakata kuni. Katika ripoti zile nilizoziona, jamii haikulima, haikufundisha, haikupanda mwembe. Ilikata kuni tu. Yangu nayo, nakiri, ilikuwa na sentensi hiyo. Niliinakili. Mjukuu wa mwenye shamba nimeandika kwamba "jamii inahitaji kupewa elimu", nikapata alama 17 kati ya 20.

Hilo ndilo linaloniuma. Sisi siyo watalii. Mtalii ataondoka na picha zake, na hana deni na mtu. Sisi mwakani tunakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na baada ya hapo, ajira zikipatikana, tutawabeba watoto wa skuli kwenye gari tuwapeleke palepale. Tutawapitisha vilevile tulivyopitishwa: panga mstari, usiguse, tazama kima, rudi ndani ya gari. Baadhi ya watoto hao watatoka Kitogani, Charawe, Ukongoroni, Chwaka. Tutawafundisha watoto hao kwamba asili ni kile kilichoko upande wa pili wa uzio, na kwamba baba zao ni sehemu ya changamoto.

Kuna wanaosema nina uchungu kwa sababu ni kwetu. Ni kweli, nina uchungu. Lakini chukueni mfano usio wa bibi. Barabara. Basi letu lilipokaribia msitu, dereva alilaani matuta ya barabarani, na wengi wetu tukacheka naye. Matuta yale yaliwekwa miaka ya 1990 kwa sababu kima walikuwa wanagongwa na magari. Vifo vikapungua, havikwisha. Mnyama huyu hapatikani pengine duniani zaidi ya visiwa hivi. Wenzetu wa Pemba wanao wachache kule Ngezi, waliohamishwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Hesabu ya kisiwa kizima iliyotolewa mwaka 2019 ilikadiria hawafiki 6,000. Hiyo ilikuwa habari njema, kwa sababu ilidhaniwa ni wachache zaidi. Sasa: watu 52, ndani ya chombo kinachomuua mnyama tunayekwenda kumpiga picha, tunacheka kwa kulalamikia kitu kinachomuokoa. Hakuna aliyetuambia tushuke dakika tano tulitazame tuta. Ingekuwa somo bora la siku.

Upo upande wa pili, na ni wa haki. Kwanza, ziara zinasaidia. Sehemu ya fedha za wageni hurudi kwa jamii zinazozunguka hifadhi, na wakulima wa pale kima wanaposhinda waliwahi kujiunga ili nao wapate chochote kwa kuwavumilia wanyama kwenye mashamba yao. Huo ni mpango wa maana, na nchi nyingi zenye ardhi kubwa kuliko yetu hazijaweza. Bibi hayumo, shamba lake liko mbali na njia ya wageni. Kima ndio hawajui njia ya wageni inaishia wapi. Pili, wenzangu wa kamati ya safari wameniambia: bajeti ni ya basi moja, siku moja, na mhadhiri mmoja. Tulichelewa kuondoka saa mbili nzima kwa sababu ya kusubiriana, tukafika tukataka wote tuingie kwa mkupuo ili tuwahi chakula. Mtembezaji yeyote angefanya nini na sisi? Tatu, yupo aliyeniuliza kama nataka wakulima wageuzwe kivutio, watu waje kuwatazama kama wanavyotazama kima. Swali hili lilinisumbua siku kadhaa.

Nadhani tofauti iko kwenye nani anaongea. Kima hawezi kunirekebisha nikisema uongo juu yake. Mkulima anaweza. Mtu akisimama shambani kwake, akalipwa kwa muda wake kama tunavyomlipa mtembezaji, akatueleza mwaka wake wa kilimo unakwendaje na ana maswali gani kwa watu wa chuo, huyo anafundisha. Tukimpiga picha bila kumuuliza jina, hapo sawa, tumemgeuza kivutio.

Kwa hiyo maombi yangu kwa kamati na kwa idara ni haya, na hayahitaji fedha nyingi. Tusiingie 52. Tugawanywe vikundi vya watu kumi na mbili hivi, kila kimoja na mtembezaji wake, na vianzie pahala tofauti: kimoja msituni kwenye mitondoo, kimoja kwenye daraja la mbao la mikoko kule Pete, kimoja barabarani kwenye matuta, kimoja shambani. Wakutane mchana wabadilishane walichokiona. Mikoko peke yake siku ile tuliipa dakika kumi na moja, nilitazama saa. Mkoko, mkandaa, mchu, kila mmoja na namna yake ya kupumua na kuishi na chumvi, na watu wa pale wanajua upi unafaa boriti na upi haufai. Tulipita mbio kwa sababu biryani lilikuwa linapoa.

Pia kila mwanafunzi aende na swali moja aliloliandika kabla ya kupanda basi, na swali hilo lisijibike kwa kuangalia simu. Ripoti iwe ni safari ya swali hilo. Kwa namna hiyo hatutaweza kunakiliana, maana maswali hayatafanana. Tunasifu mtaala wa umahiri kwenye kila mtihani. Basi na tuufanye sisi wenyewe mara moja.

Na tusisubiri ziara nyingine kubwa. Wanafunzi wangapi hapa chuoni wanatoka shehia zinazopakana na Jozani, Ngezi, Kiwengwa? Hatujawahi kuulizwa. Kwenye lile basi tulikuwa watatu. Tulijuana wakati wa kurudi, pale niliposema nashuka njiani na mmoja akauliza, "Kwani na wewe wa huku?" Watatu tuliokuwa na majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, na sisi wenyewe tuliona haya kuyasema, kwa sababu kwenye fulana zile tulitaka kuwa watu wa chuo, siyo watoto wa wawinga kima.

Nilirudi kule wiki tatu baadaye, bila fulana. Nilimkuta mtembezaji yuleyule getini, akiwa anasubiri wageni wake wa asubuhi. Nilimuuliza lile swali la mwembe. Akanitajia mwenyewe bila kufikiri, jina la baba na la babu, na mwembe ule ulipandwa na nani, na kwamba mzee anaumwa miguu siku hizi lakini anapenda watu wa kuzungumza nao.

Nilimpelekea bibi habari hizo. Kumbe wanafahamiana, walisoma chuo kimoja cha Kurani. Bibi amesema wanafunzi wangu wakija shambani kwake watapewa madafu, yale ambayo punju ameyasaza, ila waje alfajiri na wasije mikono mitupu: sukari kilo mbili, na mmoja wao awe anajua kukwea.

Mwenyekiti wa kamati ya safari, kama unasoma, orodha ya majina naanza kuiandika Jumatatu.